Kima, papa na siri ya Darasa la Nne: uchambuzi wa kisa kimoja cha darasani

Kisa hiki ni cha shule moja ya msingi ya serikali mkoani Tanga, upande wa pwani. Majina ya watoto nimeyaacha, na mambo mawili matatu ambayo yangeweza kuwatambulisha nimeyageuza. Aliyefundisha ni mwalimu wa darasa lenyewe, Darasa la Tano. Mimi nilikuwa na darasa langu, lakini aliniruhusu niketi nyuma kwenye vipindi vyake, na baada ya kengele tulikuwa tukibaki tukibishana juu ya kilichotokea.

Wasichana wawili walikuwa wakikaa dawati moja tangu mwaka ulipoanza. Mmoja nitamwita Mgeni, kwa sababu alihamia kutoka wilaya nyingine; mwenzake nitamwita Mwenyeji. Darasa lina watoto zaidi ya sitini, dawati moja wanabanana watatu, siku nyingine wanne, kwa hiyo nani anakaa na nani si jambo dogo. Mgeni alikuwa na siri moja: huko alikotoka alikariri Darasa la Nne. Upimaji wa kitaifa wa Darasa la Nne una tabia hiyo, mtoto asipofikia alama anarudia mwaka, na watoto wenzake hawasahau. Mgeni alikuwa amewapita wenzake kimo na alijua wanamtazama. Siri yake alimwambia Mwenyeji peke yake.

Mwenyeji naye alikuwa na shida yake. Alitaka sana kuingia kwenye kundi la wasichana wanaoruka kamba chini ya mwarobaini. Kundi hilo lilikuwa na kiongozi, binti mwenye kamba, na hakuna aliyeruka bila ruhusa yake. Siku moja wakamuuliza: yule mwenzio mbona mkubwa hivyo? Akasema. Kesho yake yeye mwenyewe akatumwa kumwita Mgeni aje kucheza. Mgeni akaja kwa furaha. Zamu yake ilipofika, wazungusha kamba wakaanza kuhesabu kwa wimbo kama kawaida, moja, mbili, tatu, nne, halafu wakagoma kuendelea: nne, nne, nne, nne.

Mgeni hakulia. Alitoka kwenye kamba, akaenda darasani, akachukua daftari zake na kuhamia dawati la nyuma kabisa, kwa wavulana. Tangu siku hiyo mapumziko yote akawa anabaki ndani.

Shule ilifanya kile ambacho shule hufanya. Mwalimu wa nidhamu aliwaita wawili hao mbele ya ofisi, wakapeana mikono, wakaulizwa kama wamesameheana, wakajibu “Ndiyo mwalimu” kwa sauti moja. Wiki ileile, katika kipindi cha Uraia na Maadili, sifa za rafiki mwema ziliandikwa ubaoni: mkweli, mwaminifu, msaidizi, mtunza siri. Watoto wakanakili, wakafanya zoezi. Mwenyeji alipata yote.

Zoezi hilo ndilo lililomfanya mwalimu wa darasa aniite nione daftari. Mtoto alijua vizuri kabisa rafiki mwema ni nani. Kujua hakukuwa na shida. Alichokosa ni mahali pa kusimama akajiangalia bila kutazamwa na watu sitini, na orodha ya sifa haina mahali hapo: ukishaandika “mtunza siri” ubaoni, kila jicho la darasa linageuka upande mmoja.

Mwalimu akaamua kutumia hadithi ya kima na papa. Ingawa wasomaji wengi wanaijua, nitaisimulia kwa ufupi, kwa sababu uchambuzi wote umekaa juu ya vipengele vyake vidogo.

Kima amefanya urafiki na papa. Kuna mkuyu mkubwa ambao nusu ya matawi yake iko nchi kavu na nusu iko juu ya bahari. Kila siku kima hupanda kula makuyu, papa huwa chini yake majini akimwomba amtupie, naye humtupia, siku nyingi na miezi mingi. Siku moja papa anasema fadhila zimezidi, anataka kumpeleka kima kwao amlipe. Kima anasita kwa kuwa yeye ni mnyama wa bara. Papa anaahidi kumbeba, hata tone la maji lisimpate. Wanaondoka. Katikati ya safari papa anasema anataka kumwambia kweli: huko waendako Sultani wao ni mgonjwa sana, na dawa waliyotajiwa ni moyo wa kima. Kima anamwambia hukufanya vema kutonieleza kulekule. Anafikiri, kisha anadai kwamba kima wakitembea huacha mioyo yao mitini, basi warudi aufuate. Papa anageuza. Kima anapanda juu, anakaa kimya. Papa anapoita, kima anamjibu kuwa anataka kumfanya punda wa dobi, halafu anamsimulia kisa cha punda huyo, aliyeitwa na sungura kwa maneno matamu hadi kwa simba, akaponea chupuchupu, akaitwa tena akarudi, akaliwa. Sungura anakula moyo na masikio, na simba anapouliza viko wapi, anajibiwa kwamba mnyama huyu hakuwa navyo, kwani angekuwa navyo angerudi mara ya pili? Kima anamalizia kwa kumwambia papa ashike njia, urafiki wao umekwisha.

Hadithi hii ilichapishwa mwaka 1870 na Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza aliyekuwa Unguja, katika kitabu chake cha ngano za Waswahili kilichotolewa London. Asili yake ni ya mbali zaidi. Imo katika Panchatantra ya Kihindi, na imo katika Kalila wa Dimna, kitabu alichokitia katika Kiarabu Ibn al-Muqaffa katika karne ya 8. Kila ilipotua ilibadili mnyama wa majini: India ni mamba, kwa Waarabu ni kobe, kwetu papa. Lakini badiliko lililomvutia mwalimu halikuwa la mnyama. India na kwa Waarabu, anayeutaka moyo ni mke wa yule mnyama wa majini, na shina la mambo ni tamaa na wivu juu ya huo urafiki. Huku pwani mke ametoweka, na mahali pake amekaa Sultani mgonjwa. Papa wetu hana chuki wala wivu. Ametumwa. Anapenda makuyu, anampenda kima, na ana mkubwa wake ambaye hawezi kumwambia hapana.

Hiyo ndiyo hali ya Mwenyeji, neno kwa neno. Mwalimu aliichagua hadithi kwa sababu hiyo, na nadhani hapa ndipo kazi yake ilipofaulu kabla hata hajafungua mdomo. Walimu wengi wakitaka hadithi ya urafiki huchukua yoyote yenye wanyama wawili wanaopendana. Yeye alitafuta kwanza urafiki huu ulivunjwa na nini, kisha akatafuta ngano iliyovunjika mahali palepale.

Kitabu hakikuwapo, wala hakikuhitajika. Alisimulia kwa mdomo, akianza kwa “Paukwa!” na darasa zima likiitikia “Pakawa!”. Kipindi ni cha dakika 40, na siku ya kwanza alisimama katikati ya bahari. Papa amembeba kima, nchi kavu haionekani, papa hajasema kitu. Mwalimu akagawa vipande vya karatasi vilivyochanwa kwenye daftari kuukuu na kuwataka waandike jambo moja: papa anawaza nini sasa hivi? Bila jina. (Mwalimu anayesahihisha daftari za watoto wake kila wiki hahitaji jina, anajua miandiko. Watoto hawalijui hilo, au wanajifanya hawalijui.)

Nilisoma karatasi zile pamoja naye. Nyingi zilikuwa za kutarajiwa: papa ana njaa, papa ni mbaya, papa anacheka moyoni. Wavulana kadhaa walimpa papa mipango ya kivita. Moja ilisema anaogopa kima atamjisaidia mgongoni. Lakini karatasi moja ilikuwa na sentensi fupi: Sultani akifa watasema papa ndiye aliyemuua. Mwandiko ulikuwa wa Mwenyeji.

Tulitofautiana hapa. Mimi niliona ndiyo nafasi ya kumwita pembeni na kuzungumza naye. Mwalimu alikataa. Alisema mtoto amesema ndani ya hadithi kitu ambacho mbele ya ofisi asingekisema, na tukimvuta nje leo, kesho hataingia tena. Karatasi hazikusomwa kwa sauti wala kurudishwa. Baadaye nilimkubalia. Ngano humpa mtoto ruhusa ya kusema “papa aliogopa” wakati hawezi kusema “niliogopa”, na mtu mzima anayekimbilia kutafsiri anainyang'anya ruhusa hiyo siku ileile ilipotolewa.

Kipindi cha pili papa alisema kweli yake, na swali la mwalimu likawa ambalo sikuwahi kulifikiria katika miaka yote niliyoijua hadithi hii. Kwa nini papa alisema? Angenyamaza, angefika, na Sultani angepata dawa. Darasa lilipasuka. Wapo waliosema papa ni mjinga tu, na hadithi yenyewe inaelekea huko. Mvulana mmoja alisema papa alitaka kima akubali mwenyewe, ili lisiwe kosa la papa. Msichana mmoja akasema alishindwa kuvumilia, kwa sababu kima alikuwa amemshika mgongoni na kumwamini. Mwingine akauliza: kwa hiyo alipokuwa anasema, bado alikuwa rafiki?

Swali hilo lilikaa ubaoni hadi kengele ikagonga. Ningependa kila somo la urafiki liwe na swali la namna hiyo, lisilojibika kwa kunakili. Watoto walilichukua hadi nje. Wengine walikata shauri kwamba papa alikuwa rafiki chini ya mkuyu, akaacha kuwa rafiki alipomwalika, akarudi kuwa rafiki kidogo aliposema kweli, ila alikuwa amechelewa. Lawama ya kima, kwamba ilipasa aambiwe kulekule kabla hawajaondoka, ndiyo waliyoikubali wote. Walianza kutunga maneno ambayo papa angeyasema pale chini ya mti: Sultani wetu anaumwa, wanautaka moyo wako, nami sijui nifanye nini, usije kwetu. Mwalimu aliwaacha wayaigize wawili wawili. Jambo la kuzingatia ni kwamba sasa watoto walikuwa wakifanya mazoezi ya tendo. “Mwaminifu” ubaoni halimfundishi mtoto aseme nini anapobanwa na kundi. Maneno ya papa chini ya mkuyu yanamfundisha.

Uongo wa kima ulichukua muda mwingi kuliko ulivyopangiwa. Watoto wa chuoni na wa Sunday school waliungana, jambo ambalo si la kila siku, kusema uongo ni dhambi hata kwa papa. Upande wa pili ukasema anayetaka moyo wako hastahili kweli yako. Mwalimu hakuamua. Mimi ningeamua, ila darasa halikuwa langu.

Sasa yale yaliyoharibika. Siku mbili baada ya kusimuliwa kisa cha punda, mvulana mmoja alimwita Mgeni “punda wa dobi” kwenye foleni ya uji. Kwa mtoto ambaye kosa lake lilikuwa kuitikia mwito wa rafiki, na tena mtoto aliyerudia darasa, tusi lilikuwa limepimwa sawasawa. Wakati huohuo binti mwenye kamba akaanza kuitwa Sultani, na hakulipenda. Hadithi iliyotumika kama pazia ilikuwa imegeuka kidole. Hatari hii ipo kila unapochagua ngano inayofanana mno na tukio: ukaribu uleule unaoifanya ifae ndio unaowapa watoto majina ya kubandikana.

Mwalimu hakukataza majina hayo, na nadhani alifanya vizuri, kwa kuwa katazo lingeyapa uhai wa muhula mzima. Aliigawa hadithi upya kwa maigizo na kubadilisha watu kila mara. Mvulana aliyetukana akapewa punda, akaitwa na sungura mara ya kwanza, akaitwa tena, na kila alipoitwa mwalimu alimsimamisha na kumuuliza kwa nini anakwenda. Mara ya kwanza alijibu kwa mzaha. Mara ya pili akasema, “Kwa sababu ameniita vizuri.” Binti mwenye kamba akawa kima. Mtoto mmoja mpole sana akawa Sultani, akalala juu ya mkeka akiugulia, na watoto wakagundua jambo ambalo mimi pia sikuwahi kulitazama: katika hadithi yote Sultani hasemi neno hata moja. Hakuna mahali anapouomba moyo. Wengine ndio wanaomsemea. Binti mwenye kamba alilipokea hilo kwa furaha kubwa, akasema kwa hiyo Sultani hana kosa. Mwenzake akamjibu kuwa analo, kwani angeweza kukataa dawa.

Baada ya kila mtoto kuwa kila mnyama, majina yalipoteza makali. Sisemi yaliisha kabisa.

Ukabaki mwisho wa hadithi. Urafiki umekwisha, shika njia. Hapa walimu wenzetu ofisini walikuwa na maoni, na wengi walitaka mwisho ubadilishwe: papa aombe radhi, kima ashuke, wakumbatiane, somo liishe. Ninapinga marekebisho ya namna hii kwa nguvu zangu zote. Mgeni alikuwa amekwisha lazimishwa kupatana mara moja mbele ya ofisi. Kumsimulia kima anayelazimishwa na mtunzi ni kumrudishia ile ile. Ngano ya zamani inamwambia mtoto aliyeumizwa kitu ambacho shule haimwambii kamwe: una haki ya kubaki juu ya mti. Kisa cha punda kimetiwa ndani ya hadithi kwa kazi hiyo hasa, kuonyesha kwamba kurudi mara ya pili kwa aliyekutafuna si lazima kuwe wema.

Lakini mtoto aliyekosa naye hawezi kuachwa baharini hadi Darasa la Saba. Mwalimu aliuacha mwisho kama ulivyo, kisha akatoa kazi ya kuandika: mwezi umepita, papa amerudi chini ya mkuyu. Nini kinatokea? Masharti yalikuwa mawili tu, kima asilazimishwe kushuka na papa asiliwe.

Insha hizo ndizo zilizoonyesha watoto walikuwa wamefika wapi. Katika nyingi, papa anakuja na zawadi: lulu, kamba, mwani. Mwalimu aliwauliza kwa mdomo mbona miezi yote ile papa alikuwa akitupiwa tu na hakuwahi kuleta kitu, na darasa likanyamaza, maana hawakuwa wamelihesabu. Mjadala wa kupewa na kutoa ukatokea hapo wenyewe, na ulikuwa na manufaa kwa watoto wanaopendwa kwa sababu ya ubuyu wao. Mwenyeji aliandika kwamba papa anakaa chini ya mti siku nyingi bila kuomba makuyu, na kwamba Sultani amepona kwa dawa nyingine. Mgeni aliandika kwamba kima anamtupia papa kuyu moja, halafu anaendelea kula yake, na hashuki.

Nani aliomba kusoma insha yake mbele? Wote wawili, siku tofauti. Hakuna aliyewataja wao wenyewe. Wiki hizo Mwenyeji alimwendea Mgeni akamwambia kitu nje ya darasa. Tulichojua ni kwamba walizungumza, na mwalimu hakuuliza.

Matokeo, basi, kwa wanaotaka kuyapima. Mgeni hakurudi kwenye dawati la zamani. Alihamia la katikati, na wasichana wengine wawili, na mapumziko akawa anatoka. Yeye na Mwenyeji wanasalimiana na kuazimana rula. Marafiki kama zamani si wao. Kamba bado ni ya yuleyule, ingawa wimbo wa nne nne umekufa. Kama shabaha ilikuwa kuwapatanisha, kazi imefanyika nusu. Mimi naihesabu imefanyika, kwa sababu ile nusu nyingine ni ya Mgeni kuamua.

Lawama niliyonayo ni kuhusu kundi. Hadithi ilimshughulikia papa na ikamshughulikia kima, lakini samaki wote wa kule kwa Sultani, waliokaa wakisubiri moyo uletwe, hawakupewa hata dakika kumi. Wazungusha kamba walikuwa wanne au watano na waliimba kwa hiari yao. Ningemshauri mwalimu mwingine aongeze kipindi kimoja kinachotokea kule chini, kabla papa hajatumwa: nani alileta habari ya dawa, nani alijua papa ana rafiki kima, nani alinyamaza. Ngano inaruhusu, maana imeliacha baraza hilo tupu.

Na kama ugomvi wa darasani kwako haukuletwa na kundi bali na wivu, rafiki wa kwanza kumchukia wa pili kwa sababu ya wa tatu, papa wa Unguja hatakufaa sana. Chukua ile ya India, ya mamba na mkewe asiyependa mumewe ashinde kwa kima. Ila jiandae, maana wasichana watakuuliza kwa nini lawama yote amebebeshwa mke wakati aliyembeba kima mgongoni ni mume.